Ndimi za Buluu

Mwezi wa tatu, theluji ya Buffalo bado imelala
kando ya barabara kama shuka chafu la wodi,
mlezi wa wanafunzi akatuambia: wiki kumi.
Wiki kumi, kisha hamtaonja tena kiangazi
hadi muote mvi.
Zitumieni vyema.

Vyema. Neno hilo nililibeba ndani ya basi
pamoja na mifupa ishirini na sita ya wayo
niliyokuwa nakariri.

Harlan alishachagua. Panya mia mbili,
figo zao, profesa mwenye jina,
na mwishoni makala ya kitaalamu
ambayo yeye atakuwa mwandishi wa saba.
"Wa saba si haba," alisema, na hakuwa anatania.

Soledad akakata tiketi ya Guatemala,
akawapime watu presha huko milimani.
Nikamwuliza: na wewe ndiye unayelipa?
Akaendelea kukunja soksi.

Mimi nilikuwa na karatasi tatu mezani.
Maabara ya moyo. Zahanati ya wakimbizi.
Ya tatu haikuwa fomu,
nilikuwa nimechora kitanda.

Ndipo baba akapiga simu. Goti.
Hakusema "njoo." Baba hajui kusema "njoo."
Alisema: wataniwekea chuma mwezi wa sita,
na gari lile, Bronia, nitaliuza,
kuna mtu wa Lackawanna analitaka.

Gari lile: jeupe, la mwaka niliozaliwa,
koni ya plastiki juu ya paa, ncha imevunjika,
kengele yenye wimbo mmoja unaoruka noti ya nne.
Ndilo lililoninunulia vitabu,
na koti ambalo mama alilipiga pasi mara mbili
kabla sijalivaa.

Hesabu niliijua. Ukiandika "aiskrimu"
kwenye wasifu wa kuombea upasuaji,
watacheka, au watageuza ukurasa.
Nikampigia mlezi, nikitafuta maneno yenye tai:
huduma kwa jamii, biashara ndogo ya familia.
Akauliza, mnauza nini hasa?
Nikasema.
Kimya kirefu. Kisha: ladha gani?

Basi wiki kumi nilizunguka,
Cheektowaga hadi mitaa ya nyuma ya reli,
kiyoyozi kimekufa, mikono inanuka vanila na dizeli.
Watoto walinitolea ndimi za buluu
bila kuambiwa semeni aaa,
nikaona tonsili, mapengo mapya,
upele shingoni mwa mmoja. Nikamwambia dada yake,
si kama daktari, kama mwenye aiskrimu.
Alinisikiliza.

Bwana Ostrowski, sukari inampanda, mkewe hataki,
alikuja kila Alhamisi akichungulia mtaa kama mwizi.
Nilijua sukari inaifanyaje mishipa ya jicho,
somo hilo nilipata tisini na tatu.
Alitaka vijiko viwili vya pistachio.
Nikampa kimoja. Akanitazama.
Alhamisi iliyofuata hakuja,
wala ile nyingine,
na hadi leo sijui kama nilitenda jema.

Jioni nilimkunja baba goti.
Digrii sitini. Sabini na tano. Matusi ya Kipolandi.
Tisini.
Hatukuongea mengi: yeye alihesabu sarafu,
mimi digrii.

Mwezi wa nane Harlan alirudi, ameshuka hadi mwandishi wa tisa.
Soledad amekonda, ana picha moja tu,
mwanamke aliyesoma mia mbili juu ya mia na kumi
siku ambayo dawa zilikuwa zimekwisha.
Hakutuonyesha mara mbili.
Wakaniuliza: na wewe?

Kengele ilikuwa bado masikioni,
inaruka noti ile ile.
Nikawatolea ulimi.